Kazi Kigamboni, nyumba Magomeni: usitume hiyo kodi

Mkuu, usitume hiyo hela. Nimesoma ulivyoandika: umepata kazi kiwandani Kisarawe II, Kigamboni, hapa Dar es Salaam, unahama kutoka Mwanza na mke na watoto wawili, dalali amekupatia nyumba Magomeni na Ijumaa unamrushia kodi ya mwaka kwa simu. Umeuliza shule, umeuliza maji, umeuliza kama laki tatu kwa mwezi ni bei ya haki. Bei tuiache kwanza. Mimi nimeshakaa Magomeni nikifanya kazi Kisarawe II, na maneno ya dalali wako ni yaleyale niliyoambiwa mimi: "Mwendokasi mpaka Kivukoni, unashuka, unaingia kwenye pantoni, dakika kumi uko ng'ambo."

Nilihama Januari 2018, natokea Mwanza kama wewe. Mtu wa kwetu haogopi pantoni. Nimevuka Kigongo–Busisi, ziwani kwetu, tangu nabebwa mgongoni, miaka mingi kabla ya hili daraja la kilomita 3 lililofunguliwa 2025. Nikajiambia Kigamboni ni kijimkono cha bahari tu, watu wa ng'ambo unawaona kwa macho. Na ni kweli, ukishaingia kwenye chombo, kuvuka ni dakika chache sana. Nilihesabu hizo dakika za majini. Za kusubiri sikuzihesabu.

Nyumba nilikuja kuiona Jumapili, saa nne asubuhi. Hapo ndipo nilipopigwa. Dalali alinichukua akanionyesha na njia kabisa, kwa moyo wote. Basi la mwendokasi lina viti vitupu. Kufika Feri, pale pale Kivukoni, pantoni limefungua mlango, tukapanda moja kwa moja, tukavuka, tukanywa madafu Kigamboni, tukarudi. Saa nane mchana nimeshalipa. Laki tatu mara miezi kumi na mbili, 3,600,000. Juu yake mwezi mmoja wa dalali, 300,000, na elfu ishirini ya kuzungushwa. Nusu ya hela hiyo ilikuwa mkopo wa mke wangu kutoka kwenye kikoba chao.

Sasa njoo Jumatatu. Kazini tunaingia saa 1:30. Nimetoka nyumbani saa 11:00 alfajiri, kituo cha Magomeni Mapipa. Mabasi yanakuja kutoka Kimara yameshajaa, mlango unafunguka, waliomo ndani wanakutazama tu, hakuna anayeshuka. Nikaingia la tatu kwa kusukumwa. Kufika Feri nakuta jengo la kusubiria limefurika, pantoni moja lipo matengenezo, la pili liko ng'ambo linashusha magari. Nimesimama bega kwa bega na mama ana ndoo ya vibua kichwani, maji ya samaki yananichuruzikia begani mpaka kwenye bahasha yenye vyeti vyangu, na hakuna pa kusogea hata hatua moja. Wote macho kwenye geti la chuma. Likifunguliwa, usipokimbia unakimbiwa. Nikavuka. Ng'ambo kuna daladala inayosubiri kujaa ndipo iondoke, na ukishashuka kuna bodaboda ya vumbi mpaka getini. Niliingia kazini saa 2:20, siku ya kwanza ya ajira, nanuka samaki.

Nikaanza kutoka saa 10:15. Jioni mchezo uleule kwa kurudi nyuma, nyumbani naingia saa 3 usiku. Mwezi wa pili jirani alimuuliza mke wangu kama mumewe anafanya kazi mkoani, maana hajawahi kuniona. Tunatenganishwa na ukuta mmoja!

Na bado masika hayajafika. Mkuu, angalia mahali Magomeni ilipo. Kati yake na Kivukoni kuna Jangwani, yaani bonde la mto Msimbazi. Mvua ikinyesha sana maji yanapanda barabarani na Morogoro Road inafungwa pale. Mwaka huo Aprili ilinyesha siku mfululizo, mwendokasi ikasimama. Nimefika Mapipa gizani nakuta watu wamerudishwa, wengine wamesimama ukingoni wanatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu ya lami. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokinunua kwa milioni tatu na laki sita. Nyumba yangu na kazi yangu zimetenganishwa na maji mawili, bonde na bahari, na yote mawili hayanitambui. Nilijaribu kuzungukia Daraja la Nyerere pale Kurasini, linalovuka kwenda Kigamboni, daladala juu ya daladala, nikafika kazini saa 4. Wiki hiyo nilichelewa siku tatu, nikapewa barua ya onyo ndani ya muda wa majaribio. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza tu: "Wenzako wanaokaa Kibada mbona wamefika?" Kibada iko hukohuko Kigamboni, upande wa kazini.

Juni nikahama. Mwenye nyumba nilimwomba anirudishie japo nusu ya miezi saba iliyobaki, akanionyesha mkataba. 2,100,000 imeondoka hivyo, na Kibada nikaanza upya kutafuta kodi. Mkopo wa kikoba tulimaliza kuulipa mwaka uliofuata, nyumba yenyewe imeshakaliwa na wengine.

Dalali nilimpigia. Akanijibu, "Bosi, mimi nilikuonyesha njia, mvua sikuileta mimi." Sawa. Lakini huyo mtu anakaa Magomeni mwaka mzima, Jangwani anaijua kuliko jina la baba yake, na alinipeleka Jumapili kwa makusudi. Sitamsamehe kwa hilo. Anayeniuma zaidi ni jamaa wa ofisini aliyenishauri kwa simu nikiwa bado Mwanza: "Kaa mjini kaka, Kigamboni ni porini, huduma hakuna." Nimekuja kumkuta, kumbe yeye anapita darajani na gari la kampuni, mafuta ya kampuni, tozo ya daraja inalipwa na kampuni. Hajawahi kusimama kwenye lile geti la chuma kwa miguu yake hata siku moja, halafu anampangia mtu mwenye familia pa kukaa. Ukipewa ushauri wa nyumba, muulize anayekushauri: wewe unakwendaje kazini? Kama hapandi unachopanda wewe, mshukuru na uachane naye.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na hiki usinibishie. Nyumba ambayo hujatoka mlangoni kwake alfajiri ya siku ya kazi ukafika mpaka geti la kazini, usiilipie hata shilingi. Safari nzima, kwa usafiri utakaoutumia kila siku, kwenda na kurudi. Jumapili haihesabiwi. Sikukuu haihesabiwi. Kupelekwa na gari la dalali haihesabiwi kabisa. Hesabu tangu unafunga mlango, hesabu na kusubiri, hesabu mara ngapi unabadilisha gari, maana kila unapobadilisha ndipo siku inapokuharibikia. Mimi nilikuwa na vyombo vinne. Kimoja kikigoma, vitatu vyote havina maana.

Utasema uko Mwanza, utaifanyaje hiyo safari. Njoo peke yako kwanza, familia ibaki. Chukua gesti ya bei ya kawaida Kibada wiki mbili, hela yake haifiki hata mwezi mmoja wa hiyo kodi ya Magomeni. Jioni kazi ikitoka, simama getini uone wenzako wanaelekea wapi. Waulize walinzi na mama ntilie wa hapo wanakaa wapi na wanalipa ngapi, hawana cha kukuuzia. Mimi nyumba yangu ya Kibada nilionyeshwa na mlinzi wetu wa zamu ya usiku, vyumba viwili na uwanja, laki mbili, na sikumlipa mtu udalali.

Ila na Kigamboni nayo usiikubali kwa jina tu. Ni wilaya nzima. Anayekaa karibu na Feri, anayekaa Gezaulole na anayekaa Kimbiji wote watakwambia wanakaa Kigamboni. Na ukimwambia dalali Kisarawe, atakutafutia Kisarawe ya Mkoa wa Pwani, huko ni kwingine kabisa. Sema Kisarawe II, ya kupitia Kibada. Tuangoma na Kongowe pia ziangalie, maana kutoka huko unaingia Kibada kwa barabara, bila kuvuka maji. Lakini nako toka alfajiri kwanza, saa iko mkononi.

Leo nakaa dakika ishirini na tano kutoka kazini, kwa daladala moja. Jana jioni nimefika jua halijazama, nikamkuta binti yangu anaruka kamba na wenzake uani.

Mkuu, Ijumaa ni keshokutwa. Mpigie huyo dalali leo hii, mwambie unakuja mwenyewe na mtatoka wote Mapipa Jumatatu saa 11 alfajiri mpaka getini Kisarawe II. Kisha rudi hapa utuambie amejibu nini.