Usipakie sampuli ya PBS kwenye resini ya Q

Wewe unayetaka kusafisha protini na unauliza utumie Q au DEAE (resini, yaani chembe zinazonasa protini kwa chaji ya umeme), na chumvi ya kuiachisha uipandishe kwa kasi gani, huku protini yako ya pI 6.2 (pH ambayo chaji yake ni sifuri) ikiwa bado ndani ya PBS, bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfati yenye chumvi, ya pH 7.4: simama hapo hapo, usiwashe pampu.

Chaji umeipatia. pH ikiwa juu ya pI, protini hubeba chaji hasi na resini zote mbili zina chaji chanya. Kinachokuponza ni chumvi. PBS ina takriban milimola 137 za kloridi ya sodiamu kwa lita, na protini nyingi huachia resini hizi chumvi ikifika kiasi hicho tu. Unataka kuinasisha protini ndani ya bafa ambayo wenzako wanaitumia kuing'oa! Tena fosfati nayo ni ioni hasi, inagombea nafasi zilezile.

Sisi tulipoteza protini yote namna hiyo. Aliyetufundisha alitupa kanuni moja, "pI chini ya 7, weka Q," akaondoka. Chumvi hakuitaja hata kidogo. Protini ikapita moja kwa moja, na kwa vile alishatuambia kinachopita mwanzoni ni uchafu, kikamwagwa. Tukabaki kupandisha chumvi hadi mola 1, macho kwenye grafu, tukingojea kilele ambacho kilishaingia kwenye sinki. Hasira haijaniisha hadi leo. Na asije mtu hapa kuniambia tungesoma kitabu. Mwalimu alikuwa wa nini?

Pima upitishaji umeme wa sampuli, unaoonyesha ina chumvi kiasi gani, kabla haijagusa safu (bomba lenye resini). PBS husoma karibu milisimensi 15 kwa sentimita. Mimi ikizidi 5 siipakii. Ifanyie dayalisisi (mfuko wa utando unaopitisha chumvi na kubakiza protini) usiku kucha kwenye bafa iitwayo Tris ya milimola 20, pH 8, au izimue mara tano kwa bafa hiyohiyo kama protini inavumilia. Ujazo ukiongezeka usijali, resini itaikusanya tena. pH ya Tris irekebishe kwenye jotoridi utakalofanyia kazi, maana pH 8 ya nyuzi 25 inakuwa karibu 8.6 kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4.

Q au DEAE, kwa pH hiyo zote zitashika. Pima chumvi kwanza. Na kile kinachopita kiweke kwenye barafu mpaka uone jeli (kipimo kinachoonyesha protini iko wapi) inasema nini, hata bosi wako akikuambia umwage.