Usiache "kuvuta" kubebe kazi zote za chomboni

Katika kuhariri na kutafsiri habari za bahari nimejifunza kulitilia shaka neno "vuta". Ni neno zuri, ila halikatai kazi, na mwandishi aliyechoka hulitwika kila kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwamba mashua ya injini ililivuta jahazi lililovunjika mlingoti mpaka Mkokotoni (jina ambalo, kwa mtu anayeandika makala kama hii, ni kishawishi kikubwa cha kubuni asili yake). Nilipomsomea rasimu nahodha mmoja mstaafu pale Nungwi, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, walilivuta kwa mikono?" Kisha akanipa neno nililolihitaji: jahazi lilifungaswa, yaani lilifungwa kamba likavutwa na chombo kingine.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua kitenzi hujiuliza mvutaji amesimama wapi na kinachovutwa kinagusa nini. Kamusi nyingi hufasiri "kokota" kwa "buruta" na "buruta" kwa "kokota", lakini ufukweni tofauti yake huonekana kwa macho. Gunia la mwani mbichi likiburutwa kutoka majini huacha mfereji mchangani, na kitambaa chake huchakaa upande wa chini. Likipakiwa kwenye mkokoteni, huachi nyuma ila alama za magurudumu, ingawa anayeukokota anatokwa na jasho lile lile. Kwa hiyo mimi huitumia "buruta" pale ambapo kitu kinasugua ardhi, na "kokota" pale ambapo uzito ndio habari yenyewe. Anayekokota miguu amechoka. Anayeiburuta huenda ni mvivu tu, na ndala zake utazisikia kabla hajafika.

Kwenye tanga ndiko makosa yanakozidi. Mabaharia huvuta jarari, na kwa kuvutwa kamba hiyo foromali, yaani boriti inayobeba tanga, hupanda mlingotini, lakini tanga lenyewe halivutwi: linatwekwa, yaani linapandishwa. Ukiandika "walivuta tanga", msomaji wa pwani atadhani lilianguka majini na watu wanalirudisha chomboni.

Upepo ukitoka mbele, chombo hakiwezi kuuendea moja kwa moja, hivyo hubisha, yaani huenda mshazari upande mmoja, kisha upande wa pili, kikiusogelea upepo kidogo kidogo. Nimewaona watafsiri wakiandika "kwenda zigizaga", wakiogopa kwamba msomaji atafikiria ubishi au kubisha hodi. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu sentensi yenye upepo, nahodha na usukani humwongoza msomaji yenyewe. Na kwa kweli chombo kinachobisha kinashindana na upepo hasa.

"Kisi" ni gumu zaidi, na hapa sishauri kuliacha neno peke yake. Tanga la jahazi hutundikwa kwenye foromali ndefu iliyo ubavuni mwa mlingoti, kwa hiyo chombo kikibadili upande wa upepo, foromali na tanga lake huhamishiwa ubavu wa pili. Ni kazi nzito, na ndiyo maana vyombo vikubwa mara nyingi huupa upepo tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, wakati wa kugeuka, tanga lisije likabanwa mlingotini. Kuandika "nahodha akageuza tanga" ni kuifanya kazi hiyo ionekane kama kufungua ukurasa wa kitabu. Afadhali uandike: "Mabaharia wakakisi tanga, wakiihamisha foromali kutoka ubavu huu wa mlingoti hadi ule." Msomaji asiyelijua neno atalielewa papo hapo, na anayelijua hatajihisi anafundishwa.

Nilirudi Nungwi na sentensi yangu mpya: "Mashua ya injini ikalifungasa jahazi hadi Mkokotoni." Nahodha hakuisifu wala hakuikosoa. Aliuliza tu kama kamba ilikuwa ndefu ya kutosha, maana kwa jinsi nilivyoyaeleza mawimbi ya siku ile, kamba fupi ingekatika.