Pesa ya korosho imekwama wapi? Ulizia njia iliyopitia

Mkulima ukiambiwa "benki bado", usiondoke dirishani. Uliza mambo matatu: pesa imetumwa lini, kwa njia gani, na kumbukumbu namba ni ipi. Mimi natunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika cha wakulima huku Tandahimba, na nimeona majibu hayo matatu yakimaliza ugomvi ambao ungefika kwa mkuu wa wilaya.

Fedha nyingi za mnada wa korosho hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania ulioanza mwaka 2004. Kila benki ina akaunti yake Benki Kuu. Mnunuzi wa Dar es Salaam akilipa chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, chenye akaunti benki nyingine, Benki Kuu inapunguza huku na kuongeza kule, muamala mmoja mmoja, papo hapo. Ukishakamilika haufutwi. Tarakimu moja ikikosewa, mtaanza kumbembeleza aliyepokea, ndiyo maana namba ya akaunti naisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe.

Hundi, na orodha ndefu za malipo kwenda benki mbalimbali, hupita TACH, mfumo wa benki kulipana kwa hundi na kwa orodha za malipo. Huko miamala hukusanywa kwa mikupuo, kila benki ikajua inadai na inadaiwa kiasi gani, kisha tofauti ikalipwa kupitia TISS. Kwa hiyo wenye akaunti katika benki ileile ya chama hupata mapema, kwa kuwa pesa yao haikutoka nje ya benki. Kijijini watu husema wamependelewa. Jamani, viongozi, lielezeni hili mkutanoni kabla ya msimu! Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya siku mbili tu za tofauti.

Kiasi kidogo, kutoka benki kwenda simu au mtandao mmoja kwenda mwingine, TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo, inakipeleka hata usiku.

Lakini mara nyingi mifumo haina kosa. Malipo hurudi kwa sababu jina kwenye daftari letu ni la kuitwa nyumbani na la benki ni la kitambulisho, au akaunti imelala tangu msimu uliopita. Yakirudi, chama kinaanza upya. Nenda benki kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, iamshe akaunti, ulinganishe majina. Nasema kwa uchungu, maana mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo nje ya mnada akipima kwa bakuli, anaishi kwa ucheleweshaji huu. Mzazi mwenye ada ya mtoto mkononi mwa benki atauza kwa bakuli, kwa bei ya kudhulumiwa.

Na kama benki imenyamaza, andika malalamiko kwao kwanza, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokuridhisha, Benki Kuu, ambayo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa kazi ya kuisimamia mifumo hii, inapokea malalamiko ya wateja wa benki, na ina tawi hapa Mtwara mjini. Nenda na nakala hiyo pamoja na kumbukumbu namba.