Maswali ya wasomaji: Mswidi aliyejenga makanisa ya Vaasa

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma chuo mjini Vaasa, magharibi mwa Ufini. Jumapili moja nilialikwa kwenye ibada ya Kilutheri katika Vaasa ya Kale, nikakuta kanisa ambalo kwa nje linafanana na boma la serikali kuliko nyumba ya ibada. Kanisa la katikati ya mji, kinyume chake, ni la matofali mekundu na lina mnara mrefu uliochongoka. Mwenyeji wangu alidai kuwa yote mawili ni kazi ya mtu mmoja, Mswidi aliyehamia huko. Je, ni kweli? Na je, alichagua matofali kwa kuogopa moto?

JIBU: Mwenyeji wako hakukosea, ila kuhusu lile la Vaasa ya Kale alikuambia nusu ya habari. Macho yako yaliona boma kwa sababu lilikuwa boma kweli: hiyo ndiyo iliyokuwa Mahakama ya Rufani, iliyokamilika mwaka 1786 kwa michoro ya Carl Fredrik Adelcrantz, enzi ya Mfalme Gustav III wa Uswidi. Mswidi wako, Carl Axel Setterberg, aliligeuza kuwa kanisa la usharika wa Mustasaari mwaka 1863.

Setterberg alizaliwa Bogsta, Uswidi, mwaka 1812, akavuka Ghuba ya Bothnia katika miaka ya 1850 na kuwa msanifu majengo wa jimbo la Vaasa, ambako alifariki mwaka 1871. Uhamiaji wake ulikuwa wa namna yake, kwani Ufini ilikuwa imetoka mikononi mwa Uswidi mwaka 1809 na kuwekwa chini ya Tsari wa Urusi, lakini wakazi wengi wa pwani ile walizungumza Kiswidi. Alihamia nchi ya kigeni bila kulazimika kubadili lugha.

Kilichompa kazi kubwa ni moto wa tarehe 3 Agosti 1852, ulioteketeza mji wa Vaasa ulipokuwa bado pale panapoitwa leo Vaasa ya Kale. Inasimuliwa kwamba mtu alisinzia ghalani na kiko chake kikaangukia nyasi kavu. Mji ulikuwa wa nyumba za mbao zilizobanana, na kati ya majengo 379 ya wenyeji yalisalia 24 tu. Mahakama ilinusurika. Kanisa la zamani halikunusurika ingawa lilikuwa la mawe, na magofu yake unaweza kuyaona mpaka leo, si mbali na pale uliposali.

Magofu hayo yanajibu swali lako la pili. Kuta za mawe hazikuliokoa kanisa lile, na nyumba nyingi za mji mpya uliojengwa baada ya moto ziliendelea kujengwa kwa mbao, kwa hiyo sioni sababu ya kuamini kwamba Setterberg alitegemea matofali kuwa kinga. Kinga aliiweka kwenye ramani. Aliugawa mji kwa barabara kuu tano zilizo pana kupita kiasi kwa mji mdogo wa wakati ule, ili moto ukizuka upande mmoja ushindwe kurukia wa pili, kisha akapitisha vichochoro ndani ya kila kitalu cha nyumba. Wewe unayezivuka kila siku kwenye theluji huenda umewahi kulalamika kwamba hazivukiki upesi. Zilikusudiwa kuwa hivyo.

Mji wenyewe ulihamishwa kama kilomita 7 kuelekea baharini, kwa kuwa ardhi ya eneo hilo, iliyolemewa na barafu maelfu ya miaka iliyopita, bado inainuka karibu sentimita moja kwa mwaka, na bandari ya zamani ilikuwa imeshakuwa na kina kidogo mno kwa meli. Mji mpya ukapewa jina la Nikolaistad kwa heshima ya Tsari Nikolai I.

Matofali mekundu, kwa maoni yangu, ni suala la mtindo zaidi. Setterberg aliupenda mtindo wa gothiki, na kanisa la katikati ya mji, lililokamilika mwaka 1869, lilifuata ule wa Uingereza: madirisha yaliyochongoka juu na mnara unaoonekana kutoka mbali. Kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Nikolai, lililo kwenye uwanja wa kambi ya zamani ya askari, nalo ni lake. Litazame utakapopita, kwa sababu hapo Mlutheri kutoka Uswidi alikuwa akiwachorea nyumba ya ibada watu wa madhehebu ya Tsari.