Stika ya i7 haitamfaulisha mwanao: jibu kwa mzazi wa Njombe

SWALI: Fundi, habari za kazi. Binti yangu amepata nafasi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kusoma takwimu na ameambiwa awe na laptopu. Nimejikusanya, nina laki nane. Kuna kijana wa Kariakoo amenitumia picha za mbili kwenye WhatsApp. Ya kwanza ni nyembamba na nyepesi sana, ameandika "Core i7, RAM 8, HDD 500, Windows 11, kama mpya", laki sita na nusu. Ya pili ni HP EliteBook 840 G5, Core i5, RAM 8, SSD 256, ina mikwaruzo kwenye kifuniko, laki saba na nusu. Yeye ananishauri nichukue hiyo i7, anasema ina nguvu zaidi na hela inabaki. Binti naye anataka nyepesi maana huko chuoni ni kutembea. Nichukue ipi? Mzazi, Njombe.

JIBU: Mama, shikamoo. Chukua ya pili, ile yenye mikwaruzo, ila ikaguliwe kwanza kama nitakavyoeleza huko mbele. Ningeweza kuishia hapo, lakini hayo maneno "ina nguvu zaidi" yamenichosha. Vyuo vikifunguliwa, na hasa boom la kwanza, hela ya mkopo wa wanafunzi, likishaingia, haipiti siku bila mwanafunzi kusimama mbele ya meza yangu, ameikumbatia laptopu kifuani, ananiambia: "Fundi, hii ni i7, mbona inaganda?"

Inaganda kwa sababu i7 si kipimo cha nguvu. Ni daraja la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndani ya kizazi kimoja. Ni sawa na kuambiwa mtoto fulani huwa wa kwanza darasani, bila kuambiwa ni darasa gani. Huyu ni wa kwanza darasa la nne, yule ni wa tano kidato cha sita. Hesabu za takwimu utampa nani?

Darasa lenyewe limeandikwa kwenye namba inayofuata baada ya i7 au i5, na ndiyo namba ambayo mawinga, yaani madalali, hawaiandiki kwenye tangazo. Chukua i7-4600U. Tarakimu ya kwanza ni 4, basi ni kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2013, na ina viini viwili tu, yaani vibarua wawili wa kugawana kazi. Sasa chukua i5-8250U. Hiyo ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, ina viini vinne. Zote mbili zimetengenezwa kwa ajili ya laptopu nyepesi, ndiyo maana ya hiyo herufi U mwishoni, na zote zimepangiwa umeme uleule wa wati 15. Mpaka kizazi cha saba, i7 zenye U zilikuwa na viini viwili. Kizazi cha nane ndipo Intel ilipoziongezea mpaka vinne. Kwa hiyo kwenye laptopu nyepesi zilizotumika, kati ya saba na nane pana bonde, na mtu anayekuuzia upande wa huku kwa sifa za upande wa kule anakuibia hata kama stika yake ni ya kweli. Hata i3 mpya kidogo, mfano i3-1115G4, inaiacha mbali hiyo i7-4600U. Na hapo angalia usichanganyikiwe: 1115 ni kizazi cha 11, si cha kwanza. Vivyo hivyo i5-10210U ni cha kumi.

Mimi hiyo i7 ya kijana wako sijaiona, ila "HDD 500", yaani diski ya kuzunguka, imeshanisimulia umri wake. Laptopu nyembamba za miaka ya karibuni hazina hata nafasi ya kuweka diski ya kuzunguka. Na hiyo diski peke yake ingetosha kunifanya niikatae. Ina sahani inayozunguka, na juu yake sindano inaelea karibu mno kuigusa. Mwanafunzi anafunga kifuniko haraka, laptopu haijalala sawasawa, anaitupia kwenye begi, anakimbilia daladala. Nimefungua diski za namna hiyo zenye mkwaruzo wa duara kabisa, kama sahani ya santuri iliyochakaa, na mwenye nayo amesimama pembeni anauliza kama ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo itapatikana. SSD haina kitu kinachozunguka. Tena mtu akibadilisha HDD kwa SSD kwenye mashine ileile, tofauti anaiona tangu inapowaka.

Windows 11 nayo isikuzuge. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kila muuzaji sasa anaandika Windows 11. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za nyuma yake. Za zamani wanazipiga kwa njia ya panya, wanaruka ukaguzi, na inawaka vizuri tu pale dukani. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Ukimkuta anayejiita fundi anajisifu kwamba yeye "anapiga 11 kwenye chochote", muulize masasisho ya usalama yakikoma atakwenda yeye Dodoma kumsaidia binti?

Nimesema hata kama stika ni ya kweli. Mara nyingi si ya kweli. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea laptopu, stika ya i7 inang'aa kuliko laptopu yenyewe. Kibodi imepauka, herufi A na E zimefutika, pembe zimelika, lakini stika kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Niliingiza ukucha tu ikabanduka. Gundi yake ilikuwa bado laini. Nikaizima, nikaiwasha, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine: i5-4300U, viini viwili. Alikuwa ameinunua kwa hela ya mkopo, yote. Stika hizo zinauzwa kwa karatasi nzima kama zile za watoto za kubandika kwenye madaftari.

Wajanja zaidi wanachezea hata jina la prosesa ndani ya Windows, ukifungua unasoma i7 ya kizazi cha nane. Lakini hao hubadilisha jina, idadi ya viini hawaigusi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, tazama palipoandikwa Cores. Jina likisema i7 ya kizazi cha nane na Cores ikasema 2, funga kifuniko, aga vizuri, ondoka. Njia ya uhakika zaidi ni BIOS, kabla Windows haijawaka: kwenye HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, hiyo usinunue hata kwa nusu bei. Hizi mashine nyingi zilikuwa za makampuni huko nje, na kufuli lililosahaulika humo huwa halina ufunguo. Wakikuambia kuna fundi wa mtaa wa pili anafungua kwa elfu ishirini, muulize kwa nini hawakumpelekea wao kabla ya kuiuza.

Turudi kwenye wepesi, maana binti ana hoja. UDOM ni vilima na umbali, na mwenye laptopu ya kilo mbili na nusu huiacha chumbani, halafu inaibiwa. EliteBook 840 G5 ina kama kilo moja na nusu, inatosha. Ila wepesi una gharama yake na muuzaji hakuambii. Baadhi ya laptopu nyembamba zaidi RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuiongeza hata ukileta fedha. ThinkPad X280 iko hivyo, na X1 Carbon pia. Hiyo 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo binti akifika mwaka wa tatu, anaendesha SPSS, programu ya takwimu, huku amefungua kurasa ishirini za intaneti, 8 inaweza kuwa 16 bila kununua laptopu nyingine. Takwimu haihitaji zaidi ya hapo. Wale wa usanifu majengo na video wana shida zao, tutazungumza siku nyingine.

Betri ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Winga atakuonyesha imejaa asilimia 100. Asilimia 100 ya nini? Ndoo iliyokatwa nusu, ukiijaza nayo imejaa. Mwambie afungue Command Prompt aandike powercfg /batteryreport, faili litakalotokea alifungue. Humo mna namba mbili: Design Capacity, yaani ilivyozaliwa, na Full Charge Capacity, yaani inavyobeba leo. Betri ya 840 G5 ilizaliwa na karibu 50,000 mWh, yaani wati 50 kwa saa moja. Mtu anayeandika tu, mwanga wa skrini umeshushwa, anatumia kama wati 8, basi ikiwa nzima ni saa sita na ushee. Ukikuta imebaki 25,000 ni saa tatu, na siku TANESCO wakikata jioni ya kuamkia mtihani ndipo utapigiwa simu. Chini ya 35,000, punguza bei ya betri mpya papo hapo. Kisha iwekwe juu ya kaunta ya kioo ibonyezwe pembe kwa kidole. Ikiyumba kama stuli ya miguu mitatu, au padi ya kuongozea kishale imeinuka na haibonyei, betri imevimba. Hiyo si ya kujadili bei, ni ya kurudisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, kuna wazazi wengine watakimbia hizi za mtumba waende kununua mpya ya laki sita kwenye boksi. Mama, usije ukashawishika huko pia. Nyepesi, nzuri, plastiki yake inanukia upya, na ndani mna prosesa ya Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 64. Windows ikikaa humo na masasisho yake, nafasi inayobaki haimtoshi binti hata muhula mmoja. Upya wake uko kwenye boksi. Ya mtumba ya kizazi cha nane iliyotunzwa inaipita kwa kila kitu isipokuwa harufu.

Sasa wewe uko Njombe na laptopu iko Kariakoo. Usitume hela kwa picha. Huyo kijana yaelekea ni winga, hana duka, anakuunganisha na mwenye duka na kuweka cha juu, wala si dhambi, lakini ikiharibika hutampata. Kama una ndugu Dar, aende na simu yake, akuonyeshe kwa video: skrini ya BIOS, hiyo Cores, ripoti ya betri. Hata hiyo G5 usiiamini kwa jina lake, dai namba kamili ya prosesa, na ianze na 8. Malipo yafanyike dukani, risiti ya EFD ikatwe kwa bei halisi, na nyuma yake waandike namba ya utambulisho wa mashine (serial number) iliyo chini ya laptopu pamoja na muda wa dhamana, hata kama ni miezi mitatu, kisha wagonge muhuri. Nimeona duka likimkana mteja kwa sababu risiti imeandikwa "laptop 1" basi.

Hamsini elfu itakayobaki inunulie begi lenye sponji pande zote mbili na flashi ya kutunzia nakala za kazi zake. Mikwaruzo ya kifuniko binti ataifunika mwenyewe kwa stika anazozipenda.