Kabla ya kumwita mhubiri mgeni, fungueni kitabu

Wiki hizi barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja: makanisa yaliyo taabani, na kama kusoma Maandiko kwa pamoja kunaweza kuyainua. Nimechagua chache. Aliyeuliza namna ya kumaliza Biblia nzima kwa siku 90 atapata jibu lake huku chini, ingawa nimeshalitoa mara tatu.

Kanisa letu limegawanyika kwa sababu ya hela za ploti. Wazee tumepanga wiki ya uamsho na mhubiri kutoka nje. Unatushauri nini? (Mzee wa kanisa, Dagoretti)

Mzee wangu, ahirisheni hiyo wiki. Najua mmeshalipia tenti. Lakini mhubiri mgeni hajui habari za ploti yenu. Atahubiri vizuri, watu watalia Alhamisi usiku, Jumapili jioni atapewa bahasha na kupanda gari, na Jumatatu mtaamka na ugomvi ule ule.

Kila mtu akizungumzia uamsho hukimbilia Nehemia 8, Ezra na kitabu chake mbele ya lango la maji. Anzeni nyuma kidogo, sura ya 5. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Wamekopa fedha kulipa kodi ya mfalme. Wanauza watoto wao utumwani, na wanaowanunua ni ndugu zao. Ukuta unakwisha kwa siku 52, lakini watu wenyewe wamechakaa. Ndipo inakuja sura ya 8, na mstari wa kwanza unasema ni watu waliomwambia Ezra akilete kitabu. Si Ezra aliyewaita. Akasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri, saa sita hivi, wanaume kwa wanawake wakisimama, na Walawi wakipita kati yao kuwaeleza maana. Walilia kwanza kwa sababu ya yale waliyoyasikia kitabuni, hakuna aliyewaliza.

Nitakueleza yaliyotupata sisi. Kanisa letu nalo lilipasuka, hati ya ploti ikiwa kwa mtu mmoja na vitabu vya hesabu kwa mwingine. Jumatano tukabaki watu kumi na mmoja chini ya mabati. Hakuna aliyetaka kuhubiri, maana kila neno lingechukuliwa kuwa la upande fulani. Tukaamua kusoma tu. Waefeso, sura zote 6, bila kusimama kueleza. Haizidi nusu saa. Msomaji alikuwa kijana kondakta wa matatu, sauti imekwaruzwa na kuita abiria. Alipofika sura ya 4, pale penye "Mwibaji asiibe tena", mvua ikapiga mabati, sauti ikapotea. Mhazina wetu wa zamani alikuwa ameketi benchi la pili. Mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma na hakuwa na habari ni nani ameketi wapi, akapaza sauti: "Rudia hapo kwa mwibaji, mwanangu, sikusikia." Kijana akangoja mvua ipungue, akarudia polepole.

Hakuna aliyegeuka kumtazama mtu. Jumatano ya pili mhazina alikuja na vitabu vya risiti ndani ya mfuko wa unga, akaviweka juu ya meza. Fedha zote hazikurudi, na familia mbili hazijarudi mpaka leo. Lakini tulianza kuzungumza, na aliyetuanzishia mazungumzo hakuwa upande wa mtu yeyote.

Naomba ratiba ya kumaliza Biblia nzima kwa siku 90. (Msomaji, Umoja)

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo ni sura 13 na zaidi kila siku, gawanya mwenyewe. Mimi nauliza utasoma na nani.

Mchungaji wetu husoma mstari mmoja kisha anahubiri saa nzima. Akisoma mstari mmoja si inatosha? Wote ni Neno la Mungu. (Dada, Kawangware)

Haitoshi, dada yangu, na hapa nitasema kwa uchungu. Mwezi wa Julai 2020, makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa baada ya kufungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, masharti yalikuwa watu 100, saa moja, na wasiozidi miaka 58 wala kupungua 13. Saa moja! Katika kanisa nililokuwa nikihudhuria wakati ule, wazee waliketi kupanga nini kipunguzwe. Matangazo yakabaki. Sadaka ikabaki, na namba ya kutuma kwa simu ikasomwa mara mbili. Somo la Maandiko ndilo lililopunguzwa kuwa mstari mmoja. Wakongwe walikuwa nyumbani peke yao, vijana wamepoteza kazi, na sisi tukaona kinachoweza kukosekana ni kitabu. Vizuizi viliondoka, ule mstari mmoja ukabaki.

Mstari uliotolewa mahali pake unaweza kusemeshwa chochote. Chukua Yeremia 29:11, ule ulioko kwenye nusu ya kalenda za jiji hili: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Unahubiriwa kama ahadi ya gari na visa. Soma sura nzima kwa sauti. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji uliowateka. Mstari wa 10 unasema watangoja miaka 70, yaani wengi waliosomewa barua hiyo wangefia huko. Mama anayelea wajukuu huko Kawangware atapata nguvu zaidi katika barua nzima kuliko katika kipande cha kalenda.

Namba za mistari zenyewe ziliwekwa juzi juzi. Sura zilikatwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya tunayoitumia ilipewa namba mwaka 1551. Paulo aliwaapisha Wathesalonike kwamba ndugu wote wasomewe waraka wake, na Wakolosai akawaagiza wabadilishane nyaraka na Walaodikia. Wote walisomewa waraka mzima. Justin Mfiadini, akieleza ibada ya Jumapili kule Roma mnamo mwaka 155, anasema maandiko ya mitume au ya manabii yalisomwa kadiri muda ulivyoruhusu, kisha ndipo msimamizi akasema. Na Wakristo wa kanisa hilo waliweza kuuawa kwa imani yao.

Mwambie mchungaji kwa heshima, faraghani, si kwenye kundi la simu la kanisa.

Jumuiya yetu hukutana Ijumaa. Injili ni dakika tano, michango saa nzima. Tumechoka. (Mkatoliki, Kayole)

Nanyi mna urithi ambao wengine tunautamani! Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana hapa hapa Nairobi mwaka 1976 wakaamua Kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Hawakuzianzisha ziwe vituo vya kukusanya pesa za bati na mazishi.

Muulize katekista wenu juu ya hatua saba za kushirikishana Injili, zile zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kila mmoja anatamka tena neno au fungu lililomgusa, mnanyamaza, mnashirikishana, mnazungumza kazi gani jumuiya inaitiwa, mnaomba. Hatua ya tatu ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtu hasemi maoni yake, anatamka maneno ya Injili tu, na mwenzake anayatamka tena. Asiyejua kusoma anashiriki sawasawa na mwalimu. Michango ifanyeni mwisho, dakika kumi, na asiye nacho asitajwe jina.

Niliacha kanisa baada ya maandamano ya Juni 2024. Wenzetu walipigwa risasi, Jumapili iliyofuata kanisani kwetu wakaimba kama kawaida. Leo unaniambia nikasome Biblia? (Kijana, Roysambu)

Mwanangu, sikwambii urudi kwenye ibada iliyokaa kimya. Una haki ya kukasirika, na hasira yako imo ndani ya kitabu chenyewe.

Kama kanisa lako lingesoma Amosi kwa sauti Jumapili ile, sura zote 9, lisingeweza kuimba kama kawaida. Sura ya 5 Mungu anasema anazichukia sikukuu zao na hataki kusikia nyimbo zao. Kisha: "Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Kanisa lisilosoma manabii wazima halina hata maneno ya kusema siku damu inapomwagika barabarani, kwa hiyo linaimba lile lililozoea.

Na kuna Maombolezo. Sura 5 fupi. Wayahudi huisoma kila mwaka wakiomboleza Hekalu, wameketi chini. Waliosoma hawakuharakisha faraja, na kitabu chenyewe kinaishia kwenye swali lisilojibiwa. Ungependa kuona kanisa la Nairobi likiketi chini kusoma Maombolezo kwa ajili ya vijana wa tarehe 25 Juni? Mimi ningependa. Watafute wenzako watano, muisome nyumbani kwa mmoja wenu. Hamhitaji ruhusa.

Niongeze neno kwa wachungaji wanaosoma hapa. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, Baraza la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamechukua pande. Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana lilisema wanasiasa wasipewe mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa hela za wanasiasa. Hayo ni mema. Lakini mimbari ikiachwa na mwanasiasa, nini kinaingia mahali pake? Kama ni matangazo, atarudi kabla ya uchaguzi ujao na mtampisha. Jazeni nafasi hiyo kwa kusoma.

Sisi watu wa mtaa tunasoma wenyewe bila mchungaji. Hatutapotoka kama wale wafuasi wa mhubiri wa Shakahola? (Mama, Pipeline)

Swali lako ni la haki. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na kesi ziko mahakamani, kwa hiyo sitazigusa. Lakini hatari hukua pale watu wanapomwachia mtu mmoja kitabu, naye akawapa vipande. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Luka anawasifu kwa hilo.

Shikeni mambo mawili. Someni kitabu chote kwa mfululizo, hata sehemu ngumu. Na mtu akisema amefunuliwa jambo ambalo ninyi hamwezi kulihoji, fungeni kikao mwende nyumbani.

Biblia gani? Na simu inaruhusiwa? (Wengi)

Ile ya Union Version ya mwaka 1952 ina mdundo mzuri masikioni. Habari Njema inaeleweka haraka zaidi. Chagueni moja ili sauti zisigongane. Simu ibaki mfukoni, asome mmoja, wengine wasikilize. "Heri asomaye na wao wayasikiao," ndivyo Ufunuo unavyoanza: msomaji mmoja, wasikiaji wengi.

Mafuriko na ubomoaji vilimaliza kanisa letu la mabati kando ya mto. Washirika wametawanyika. Tukisoma kama Ezra, Mungu ataturudishia? (Mchungaji, Mukuru)

Mchungaji, pole sana. Nilipita huko Mei 2024 nikaona viti vya plastiki vimenasa kwenye matope.

Sitakuahidi ploti. Kusoma si dawa ya kupaka. Mfalme Yosia alisomewa kitabu kilichopatikana hekaluni, akararua mavazi yake, akatuma watu kwa Hulda nabii mke, kisha akawakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, akawasomea yeye mwenyewe. Hakuna mfalme aliyefanya zaidi. Na bado aliuawa Megido, na Yerusalemu ukaanguka si miaka mingi baadaye. Mwanawe Yehoyakimu aliposomewa gombo la Yeremia, ameketi kwenye nyumba yake ya baridi na moto mbele yake, alikuwa akikata kurasa tatu nne na kuzitupa motoni. Yeremia 36 inasema hakuna pale aliyerarua mavazi. Lakini Baruku aliandika gombo lingine. Mji uliungua, na maneno yale watu wakaenda nayo Babeli, na kwa sababu ya maneno hayo walibaki watu wamoja.

Kwa hiyo anza na waliobaki. Wako wangapi? Saba? Kuna anayeishi sasa Embakasi, mwingine Kware, mwingine amerudi ushago. Chagua nyumba moja, saa moja, mwambie kila mtu aje na kiti chake. Msianze na kitabu kirefu. Anzeni na Ruthu, sura 4, watu waliopoteza kila kitu kwa njaa na misiba wakarudi mikono mitupu. Isome yote. Usihubiri jioni hiyo, hata kama umezoea. Uliza tu: mmesikia nini? Halafu ngoja, hata kama kimya ni kirefu.

Watoto nao wakae? Wanapiga kelele. (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Zimmerman)

Wakae. Kumbukumbu la Torati 31 inaagiza Torati isomwe mbele ya Israeli wote kila mwaka wa saba, na inawataja waziwazi: wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye malangoni. Mpe mmoja wao mstari wa kusoma, atanyamaza akingoja zamu yake.