Majira ya baridi Yuma: valvu ya choo na umeme wa ampea 30

SWALI: Mimi na mume wangu ni wastaafu, tunaishi Minnesota. Desemba hadi Machi tutakaa na gari-nyumba letu kwenye kambi ya Yuma, Arizona. Je, bomba la maji taka likishaunganishwa, tuache valvu wazi? Na umeme wa ampea 30 unatosha?

JIBU: Hapana dada, valvu ya choo, ile ya tangi la kinyesi chini ya gari, ifungeni. Ikiwa wazi, maji hutoroka na kinyesi hubaki, kikarundikana chini ya choo na kukauka kama saruji. Kukibandua ni kazi ya fundi, tena si ya bei rahisi. Subirini tangi lijae theluthi mbili, kisha fungueni kwa mkupuo. Valvu ya maji ya sinki na bafu nayo ifungeni siku moja kabla, ili maji hayo yafuate nyuma kusafisha bomba.

Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Hita mbili za wati 1,500 zinakula 3,000. Mkiwasha birika tu, swichi inakata. Tumieni hita moja, na usiku ongezeni hita ya gesi iliyofungwa ndani ya gari lenyewe. Wapangaji wa mwezi mara nyingi hulipia umeme kwa mita, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa kodi.

Kidhibiti presha ya maji, cha paundi 40 hadi 50 kwa inchi ya mraba, kifungwe kwenye bomba la kambi, si kwenye gari, ili kilinde na mpira wa maji.

Msijaze maji mkiwa bado Minnesota! Yataganda njiani na kupasua mabomba.